Tupeane uzoefu: Clarksdale, Mississippi, mji mdogo wa bluzi. Ulifika wapi, na ungemshauri nini anayekwenda?

Mwanzisha mada, Memphis

Heshima kwenu wanajamvi. Ndugu na jamaa wanaokuja kututembelea huku Kusini mwa Marekani huuliza habari za Graceland, nyumba ya Elvis Presley, na Beale Street, mtaa wa muziki wa Memphis, kisha wengi wao huondoka bila kujua kwamba umbali wa kilomita 120 hivi kusini mwa Memphis, kwa barabara ya 61, uko mji wa Clarksdale. Wakazi wake hawafiki elfu 15, lakini wanamuziki Sam Cooke na Ike Turner walizaliwa hapo, na Muddy Waters, gwiji wa bluzi, muziki wa Wamarekani weusi, alikulia katika shamba la pamba lililo nje kidogo ya mji. Naomba kila aliyefika atueleze alichokiona na namna alivyokiona, kwa kuwa maelezo ya watalii mtandaoni hurudia mambo yale yale.

Nianze mimi na Delta Blues Museum. Makumbusho haya yalianzishwa mwaka 1979, na tangu 1999 yamo katika jengo la zamani la stesheni ya mizigo lililojengwa mwaka 1918. Kitu kilichonishika kuliko vyote ni mabaki ya nyumba aliyoishi Muddy Waters katika shamba la Stovall, ambayo yameletwa na kusimikwa humo ndani. Ukiikaribia unaona jinsi mbao zilivyopauka na kupasuka, na jinsi chumba kilivyokuwa kidogo kwa familia nzima. Mwezi Agosti 1941 watafiti Alan Lomax wa Maktaba ya Bunge la Marekani na John Work wa Chuo Kikuu cha Fisk walifika Stovall na mashine ya kurekodia, wakamrekodi kijana huyo aliyekuwa dereva wa trekta. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alipoisikia sauti yake kwenye sahani ya santuri ndipo alipoamini kuwa anaweza kuishi kwa muziki. Mwaka 1943 alihamia Chicago, na yaliyofuata yanajulikana dunia nzima.

Rai yangu ni moja: asiyelala Clarksdale hajafika Clarksdale. Mchana mji unaonekana kama umehamwa, maduka mengi yamefungwa kabisa, na mgeni anayegeuza gari saa kumi jioni ataondoka na picha tu. Muziki huanza usiku, na upo karibu kila siku ya wiki.

Mchangiaji kutoka Nashville

Naunga mkono hoja ya kulala. Mimi na dada zangu wawili, sote wauguzi kutoka Kisumu, tulikwenda mwisho wa juma mmoja tukiwa tumechoka na zamu, na tuligawa usiku wetu kati ya kumbi mbili ambazo kwa tabia ni mbingu na ardhi.

Ya kwanza ni Ground Zero Blues Club, iliyofunguliwa mwaka 2001 katika bohari ya zamani ya pamba jirani na makumbusho, na ambayo mwigizaji Morgan Freeman ni mmoja wa wamiliki wake. Kuta, meza, hata milango imejaa majina na salamu za wageni zilizoandikwa kwa kalamu. Mahali hapa panamfaa mtu anayefika kwa mara ya kwanza, hasa mwenye familia, maana chakula kipo na kuna nafasi ya kutosha.

Ya pili ni Red's, iliyoko Sunflower Avenue karibu na mto, ambayo marehemu Red Paden aliiendesha kwa miaka mingi hadi alipofariki mwishoni mwa 2023. Usitegemee ishara kubwa nje. Ndani mna taa nyekundu, dari ya chini, na hakuna jukwaa: mpiga gitaa alikuwa ameketi kwenye kiti cha kawaida, sakafu moja na sisi, karibu kiasi kwamba niliiona plasta aliyojifunga kwenye kidole cha mkono wa kushoto na jinsi alivyokuwa akikikwepesha kile kidole kila alipobonyeza nyuzi za juu. Nilikuwa nimesikia bluzi redioni tangu utotoni bila kuijali sana. Pale ndipo nilipoelewa kwamba mwimbaji huzungumza na waliomo chumbani, nao humjibu, na wimbo hurefushwa au kukatwa kulingana na majibu hayo. Wanaoketi kimya wakirekodi kwa simu wanamnyima nusu ya kazi yake. Chukueni fedha taslimu za kiingilio na za kumtunza mwanamuziki, kwani tunzo hizo ni sehemu kubwa ya ujira wake.

Mchangiaji kutoka Houston

Je, ile njia panda inayosemekana Robert Johnson, mpiga gitaa wa bluzi, aliuza roho yake kwa shetani ili apewe ufundi wa gitaa, inafaa kutembelewa?

Mwanzisha mada

Ndugu yangu, pita uitazame, lakini usiifanye kuwa sababu ya safari. Ni makutano ya kawaida yenye nguzo na magitaa makubwa ya buluu juu yake, magari yakipita pande zote, na hata njia za barabara za 61 na 49 zimebadilishwa tangu enzi za Johnson. Hakuna ushahidi kwamba yeye mwenyewe alidai jambo hilo, na kisa hicho kilisimuliwa kwanza juu ya mwanamuziki mwingine, Tommy Johnson. Kinachonisikitisha ni kwamba hadithi hiyo inafunika juhudi ya kijana aliyekaa na magwiji, akawasikiliza na kufanya mazoezi mpaka akawapita, kabla ya kufariki mwaka 1938 akiwa na umri wa miaka 27.

Mchangiaji mzaliwa wa Lubumbashi, sasa Memphis

Kwa kuwa tumefika kwenye hadithi zinazofunika ukweli, niongeze ya Riverside Hotel, ambayo kwangu ndiyo nyumba yenye uzito kuliko zote mjini humo.

Kabla ya kuwa hoteli, jengo hilo lilikuwa hospitali ya watu weusi iliyoitwa G. T. Thomas. Alfajiri ya tarehe 26 Septemba 1937, mwimbaji Bessie Smith alipata ajali ya gari kwenye barabara ya 61, akaletwa hapo akiwa ameumia vibaya mkono, na humo ndimo alimofia. Kwa miaka mingi watu wamesimulia kwamba alikataliwa kwanza katika hospitali ya wazungu akavuja damu mpaka akafa. Habari hiyo ilisambazwa na mtayarishaji wa muziki John Hammond katika jarida la muziki mwaka huo huo, lakini daktari aliyemkuta barabarani na kumhudumia, Hugh Smith, alieleza baadaye kwamba hakupelekwa huko kabisa. Katika Mississippi ya siku hizo hakuna dereva wa gari la wagonjwa ambaye angethubutu hata kumpeleka mtu mweusi hospitali ya wazungu. Nikiitafakari, naona ukweli huo unatisha kuliko ile hadithi, kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa kabla ya mtu yeyote kubisha.

Mwaka 1944 mama mmoja mweusi, Z. L. Hill, aliligeuza jengo kuwa hoteli, wakati ambapo wasafiri weusi hawakuwa na mahali pengi pa kulala. Ike Turner aliwahi kukaa humo, na wimbo wa "Rocket 88", uliorekodiwa Memphis mwaka 1951 na ambao wengi huutaja miongoni mwa chimbuko la rokenroli, ulifanyiwa mazoezi hapo. Dhoruba ya Aprili 2020 iliiharibu hoteli ikafungwa, na mimi niliitazama kwa nje tu, nikasoma kibao cha buluu cha Mississippi Blues Trail kilichopo mbele. Vibao hivyo, ambavyo vimezidi 200 katika jimbo zima, havilipiwi chochote, na ukivifuata mtaa kwa mtaa unapata historia ambayo hakuna mwongozaji atakayekupa kwa haraka.

Mchangiaji, mwanafunzi wa historia, Atlanta

Nashukuru kwa michango hii, ila kuna jambo ambalo sitalinyamazia. Katika Delta, yaani ukanda huu wa mashamba ya pamba wa Mississippi, kuna malazi ya wageni yaliyotengenezwa kutokana na vibanda vya mashambani, vile walimoishi wakulima weusi waliolima ardhi ya tajiri kwa kugawana mavuno, na ambao mwisho wa msimu daftari la duka la shamba liliwaacha na deni badala ya fedha. Leo vibanda hivyo vina viyoyozi na vitanda vizuri, na watu hukaa barazani na vinywaji wakitazama mashamba. Sikuweza kulala humo. Nilichukua chumba katikati ya mji.

Shamba la Hopson, nje kidogo ya Clarksdale, ndilo lililojulikana mwaka 1944 kwa kuonyesha zao zima la pamba likipandwa hadi kuvunwa kwa mashine bila mkono wa mchumaji. Mashine hizo ziliwaondolea maelfu ya watu kazi ya sulubu na riziki kwa pamoja, wakapanda treni kwenda Chicago na Detroit, nao muziki wakaondoka nao. Mgeni akilijua hilo, ataelewa kwa nini mji una majina makubwa na mitaa mitupu. Vilevile atafute kumbukumbu za Aaron Henry, mfamasia aliyeongoza chama cha kutetea haki za weusi katika jimbo hilo na mgomo wa kutonunua katika maduka ya katikati ya mji ulioanza mwaka 1961. Nyumba yake ilishambuliwa kwa mabomu ya moto mwaka 1963. Mitaa ya mgomo ule ndiyo hiyo hiyo tunamonunulia fulana za bluzi.

Mchangiaji, dereva wa malori

Dada, nimekusoma na nakuheshimu, lakini mimi nililala katika kibanda cha namna hiyo na sikujuta. Mhudumu wa pale, mwanamke mweusi wa makamo, aliniambia babu yake alichuma pamba katika mashamba ya jirani, na kwamba anapendelea vibanda vibaki na vielezwe kuliko vibomolewe kama vingi vilivyobomolewa. Tunachopaswa kudai, kwa maoni yangu, ni kwamba historia iandikwe ukutani waziwazi.

Kwa wanaopenda kula: ulizeni tamale za Delta, unga wa mahindi uliojazwa nyama yenye viungo, ukafungwa kwa maganda ya mahindi na kuchemshwa ndani ya mchuzi. Ukila ukiwa na njaa utakumbuka mkate wa mahindi unaofungwa kwa majani ya mgomba kwetu. Mkiwa na gari, nendeni pia Tutwiler, kilomita 25 hivi kutoka Clarksdale, penye kaburi la mpiga kinanda cha mdomo Sonny Boy Williamson aliyefariki mwaka 1965. Wageni huacha vinanda vya mdomo juu yake. Nilivikuta vingine vimeshika kutu na vingine bado viko ndani ya maboksi yake.

Mchangiaji kutoka Nashville

Kwa wenye watoto, msisahau kwamba makumbusho yale huendesha mafunzo ya muziki kwa vijana wa mji. Christone "Kingfish" Ingram, aliyezaliwa Clarksdale mwaka 1999, alipitia humo, na albamu yake "662", yenye jina la namba ya simu ya eneo hilo, ilishinda tuzo ya Grammy mwaka 2022. Mwanangu wa kiume aliposikia hivyo aliacha kabisa kulalamika kwamba tumemleta kutazama vitu vya wazee waliokufa.

Mwanzisha mada

Kwa walioniuliza pembeni kuhusu majira: tamasha la Juke Joint hufanyika Aprili, hali ya hewa ikiwa nzuri lakini vyumba vikiwa vimekwisha miezi kadhaa kabla, tamasha la Sunflower River, lililoanza mwaka 1988, huwa Agosti, na joto lake halina huruma. Anayetaka utulivu achague mwisho wa juma wa kawaida mwezi Oktoba, apite kwanza dukani Cat Head, ambako hutangazwa nani anapiga wapi usiku huo, na ahakikishe yumo kwenye gari lake mwenyewe au la kukodi, kwani bila gari hatafika Stovall wala Tutwiler.