Pasheni za Mama Neema

*Majirani Mwembeni 🌳*

*Jumamosi*

Mama Neema: Habari za asubuhi majirani. Naomba msaada. Pasheni yangu ya ukutani imechanua hadi raha, ila kila ua kesho yake liko chini. Tunda hata moja! Na mwaka jana nilikuwa nagawa kwa ndoo, mnajua wenyewe.

Baba Junior: Ndoo moja nilimaliza mimi 😂

Dada Rehema: Weka samadi ya kuku mama

Mama Neema: Nimeweka mpaka watu wananinunia kwa harufu

Bi Zuhura: Tumenuna ndiyo.

Mwalimu Kombo: Pasheni ya njano au ya zambarau?

Mama Neema: Shikamoo Mwalimu. Ya njano.

Mwalimu Kombo: Marahaba. Na yale madudu meusi makubwa, yanayovuma kama pikipiki, yaliyokuwa yanatoboa mbao za banda lako?

Mama Neema: Hayo nilishayamaliza mwezi wa kwanza. Kijana alipuliza dawa matundu yote akaziba na simenti.

Mwalimu Kombo: Basi umewafukuza vibarua wako.

Baba Junior: Mwalimu, yale si manyigu?

Mwalimu Kombo: Ni nyuki. Hawana mzinga wala asali ya kulina. Jike anachimba tundu lake kwenye mti mkavu, upana wa kidole, anataga humo. Madume hayana mwiba kabisa, na jike haumi mpaka umbane mkononi.

Mama Neema: Mbona nyuki wa kawaida wamejaa pale kila mchana?

Mwalimu Kombo: Hao wanabeba chavua wanaondoka nayo. Angalia ua vizuri. Vifuko vya chavua viko vitano, vimetazama chini. Juu yake kuna vichwa vitatu vinavyopokea. Nyuki wa asali ni mdogo, akipita chini mgongo wake haugusi kitu. Lile dudu jeusi likiingia linajaza nafasi yote, mgongo unapakwa chavua, likienda ua jingine linaipaka kule. Ua lisipopata chavua linadondoka.

Dada Rehema: Kumbe 😳 na sisi tunayakimbiza na fagio

Mama Neema: Sasa nifanyeje jamani

Mwalimu Kombo: Kwa sasa fanya kwa kidole. Pasheni ya njano inafunguka kama saa sita mchana, hivyo usiende asubuhi. Nenda saa nane au saa tisa, vile vichwa vitatu vikishainama. Paka chavua kwenye vyote vitatu, usibanie: ikiwa kidogo, tunda linakuwa jepesi, maji hamna. Lakini chavua itoke mche mwingine. Ya njano haijizalishi yenyewe.

Mama Neema: Ninayo miche minne

Mwalimu Kombo: Uliitoa wapi?

Mama Neema: Nilikata vipande kwenye ule ule wa kwanza

Mwalimu Kombo: Basi hiyo yote ni mche mmoja, haisaidiani. Nani mwingine ana pasheni ya njano?

Baba Junior: Bi Zuhura 🤐

Dada Rehema: 🤣🤣🤣

Bi Zuhura: Yangu ya mbegu, nilitoka nayo Muheza. Aje saa nane achume maua matatu. Na ile samadi aifukie.

Mama Neema: Leo leo naifukia, Bi mkubwa 🙏

Mwalimu Kombo: Na banda, mbao zake zipige rangi, mbao yenye rangi hawaipendi. Halafu weka gogo kavu karibu na pasheni, pasipolowa mvua. Dawa ya dukani achana nayo. Ukiona wadudu mafuta, loweka majani ya mwarobaini usiku kucha, chuja, nyunyiza usiku maua yakishafunga.

Baba Junior: Gogo la ule mwembe uliokatwa ninalo, nilitaka kuchomea nyama. Nitalileta.

*Jumatano ya pili yake*

Mama Neema: Nilipaka maua 12. Tisa yameshika!! Yako kama ndimu ndogo 😭 [picha]

Bi Zuhura: Hesabu vizuri, nusu ni wajukuu zangu.

Dada Rehema: Kwenye gogo kumeingia mtu?

Mama Neema: Bado. Nachungulia kila siku.

Baba Junior: Mwalimu, hapa sebuleni kuna moja limeingia dirishani. Jeusi, linavuma balaa. Ndala ninayo mkononi.

Mwalimu Kombo: Weka ndala chini. Zima taa, fungua dirisha lote.

Mama Neema: BABA JUNIOR USIMGUSE NAKUJA NA GLASI