Kwa nini mpaka wa Mkinga haufuati Mto Umba?

Mkazi wa Chumbageni:
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo. Ninamsaidia binti yangu wa kidato cha pili kuchora ramani ya Mkoa wa Tanga, nasi tumekwama upande wa kaskazini. Tangu utotoni nimeamini kwamba Mto Umba ndio unaotutenganisha na Kenya, lakini tulipouchora tuliona kuwa unatoka milima ya Usambara, unaukata mpaka na kumwaga maji yake Vanga, ambako ni Kenya. Basi mpaka wenyewe unafuata nini? Na hii Kwale iliyomo ndani ya Wilaya ya Mkinga ndiyo ile ile ya Kenya, au ramani imekosewa?

Mwalimu mstaafu, Pongwe:
Marahaba. Ulichoamini kina asili yake. Waingereza na Wajerumani walipogawana maeneo mwaka 1886, waliandika kwamba mstari uanzie kwenye mlango wa Mto Umba, uende moja kwa moja hadi Ziwa Jipe, kisha uupitie Kilimanjaro kwa kaskazini. Na mkataba wa 1890 ukarudia mlango huo huo. Mto ulitajwa, ila kama alama ya kuanzia tu, wala hapakuandikwa kwamba mpaka ufuate mkondo wake. Mwaka 1893 mahali pa kuanzia pakaainishwa upya kuwa Jimbo, kusini kidogo mwa Vanga, na hivyo mlango wa mto ukabaki upande wa Waingereza. (Jimbo hapa ni jina la mahali. Kila mwaka darasani hakukosekana mwanafunzi wa kuniuliza mbunge wake ni nani.)

Binti aweke rula kutoka Jimbo hadi Jipe, avute mstari, ndipo auchore mto. Ataona wazi kwamba waliochora walikuwa na rula kama yake, na kwamba Wadigo na Wasegeju waliangukia pande zote mbili bila kuulizwa.

Mama wa Duga:
Naongezea upande wa utawala, kwa kuwa ndiko watu wanakochanganyikiwa zaidi. Mkoa wetu una wilaya 8 na halmashauri 11, na wilaya zinazogusa Kenya ni Mkinga na Lushoto. Ukitumia ramani ya zamani hutaiona Mkinga kabisa: katika sensa ya 2002 wakazi wake walihesabiwa chini ya Muheza, na katika sensa ya 2012 wakawa na wilaya yao.

Kwale ni mbili, mdogo wangu, na ramani haikukosea. Ya kwetu iko pwani ya Mkinga. Ya wenzetu ni kaunti nzima, yenye gavana anayechaguliwa kwa kura tangu 2013, ilhali Mkuu wa Mkoa wetu huteuliwa na Rais. Kwao kuna pia chifu na naibu wake, ambao ni watumishi wa serikali kuu na hawako chini ya gavana. Hilo nililijua kwa taabu. Nilivuka mpaka pale Horohoro kushughulikia mirathi ya shangazi yangu, nikiwa na barua ya mwenyekiti wa kijiji yenye muhuri mbichi hata wino ulikuwa umechafua bahasha. Katika ofisi moja ng'ambo karani aliisoma yote, akaikunja vizuri, akanirudishia na kuniuliza barua ya chifu iko wapi. Nikamjibu kwamba kwetu machifu waliondolewa miaka ya sitini. Tukatazamana.

Mvuvi wa Moa:
Mwalimu amemaliza ya nchi kavu. Tafadhali binti asiuendeleze mstari ule wa rula baharini. Huko mpaka ni wa makubaliano ya Tanzania na Kenya ya mwaka 1976, na kwa sababu Pemba iko karibu, mstari hupita katikati ya kisiwa hicho na pwani ya Kenya, kisha huelekea mashariki ukifuata latitudo. Sisi wa ngalawa hatuoni mstari wala boya. Tunakisia kwa vilima vya bara, na ukungu ukishuka hata hivyo vilima havipo.

Mkazi wa Chumbageni:
Nawashukuru sana. Tumefuta upande wote wa kaskazini na kuanza upya kutoka Jimbo. Kwale ya kwetu tumeiandika kwa herufi ndogo karibu na bahari, na ya Kenya tumeiandika kwa herufi kubwa nje ya mstari. Binti sasa anauliza kama Umba uchorwe kwa rangi ya buluu hadi Vanga au uishie mpakani, na mimi nimemwambia auachie ufike baharini.