Nimeonjeshwa bia mpya za vuli, nikafungiwa za mwaka jana kwenye kikapu cha zawadi. Dola 75!

Wakuu, poleni na majukumu. Leo nina hasira, kwa hiyo uzi huu utakuwa mrefu. Naandika nimesimama jikoni, mbele yangu kuna makopo matano ya bia ambayo humu ndani hakuna anayetaka kuyagusa, utepe wa rangi ya chungwa, na kiboga cha plastiki kinachonichekea.

Niko Worcester, Massachusetts, mwaka wa tisa huu. Maduka ya vileo wenyeji wa huku huyaita "packie", ila hili la mtaani kwetu linajiita duka la mvinyo, lina mbao za kizamani ukutani na muziki wa taratibu. Jina silitaji, msinifuate inboksi. Ikifika Septemba mvinyo unasukumwa nyuma na mlangoni zinapangwa bia za msimu, zile za viwanda vidogo zenye makopo yaliyochorwa kama vitabu vya watoto: majani mekundu, maboga, mizimu. Kwetu vuli ni mvua. Huku vuli ni majani kudondoka na watu kulipia harufu ya mdalasini kwenye kila kitu, kuanzia kahawa hadi sabuni ya kunawia.

Sasa baba mkwe wangu amekuja kututembelea kutoka Marangu. Ana miaka 71. Kazi aliyostaafu nayo ilikuwa kuonja kahawa pale Moshi, kahawa inayokwenda mnadani. Walioiona hiyo kazi wanajua: vikombe vimepangwa mstari, mzee anapita na kijiko, anavuta kwa kelele kama anafyonza uji wa moto, anatulia sekunde mbili, anatema, anasema neno moja. Ulimi wake ndio uliosomesha watoto sita, akiwemo mke wangu. Tangu afike tumeacha kununua ile kahawa ya kopo la bati, maana alikuwa anaguna kabla maji hayajachemka.

Jumamosi duka likaweka ubao nje: kuonja bia mpya za vuli, bure, saa nane hadi saa kumi na moja. Nikamwambia, "Baba, twende ukaone wenzako wanavyofanya." Na nilikuwa na sababu nyingine. Jumapili tulialikwa chakula na mzee mmoja wa usharika tunaosali, Mjerumani mzaliwa wa Bavaria (jimbo la kusini mwa Ujerumani linalosifika kwa bia) aliyehamia huku ujanani. Alisikia kuna Mlutheri ametoka Kilimanjaro, na wamisionari Walutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika mlimani kwetu tangu 1893, basi akataka kumwona kwa macho yake. Huwezi kwenda kwa mzee mikono mitupu. Na Mjerumani wa Bavaria unampelekea nini kama si bia?

Kwanza mlangoni. Kijana anamtaka baba mkwe kitambulisho. Mzee ana mvi mpaka kwenye nyusi, anatakiwa athibitishe kwamba ametimiza miaka 21! Akatoa pasi yake kwenye mfuko wa koti, imezungushiwa nailoni, akampa kwa mikono miwili kama yuko uhamiaji. Hilo nimesamehe, sheria ni sheria.

Vikombe vya kuonjea ni vile vya plastiki, vidogo mfano wa kifuniko cha dawa ya kikohozi. Sheria ya jimbo hili inaruhusu sampuli ya bia isizidi wakia 2, kama mililita 60 hivi. Wao walitutilia nusu ya hiyo. Mezani kulikuwa na aina tatu. Ya kwanza ni bia ya boga. Mzee akauliza boga limeingiaje kwenye pombe, sisi si tunalipika? Nikamweleza kwamba boga lenyewe halina kelele, kinachosikika ni viungo vya mkate wao wa maboga. Akavuta kwa kelele (watu watatu wakageuka), akatulia, akatafuta pa kutemea, hapakuwa na ndoo, akameza. Akasema: "Karafuu. Kungumanga. Mdalasini. Hii ni pilau." Wakuu, nilicheka hadi nikamwaga yangu.

Ya pili ni ya hopsi mbichi. Wasiojua: hopsi ni yale maua ya kijani yanayoipa bia uchungu na harufu, na kwa kawaida hukaushwa mara yakishavunwa. Mavuno Marekani ni mwishoni mwa Agosti na Septemba, mengi yanatoka bonde la Yakima kule jimbo la Washington. Sasa kuna wanaotia hopsi hazijakaushwa, ndani ya siku ile ile au kesho yake, bia inanukia nyasi zilizokatwa asubuhi. Utamu wake wote ni huo upya. Baada ya miezi michache harufu imekwenda. Ile tuliyoonja ilikuwa safi kabisa, hata mzee alirudia. Ya tatu ni ile ya mtindo wa Oktoberfest, ile sherehe kubwa ya bia ya Wajerumani, rangi ya shaba, ladha ya mkate uliobanikwa vizuri. Hiyo aliikubali kwa kichwa, na kwa mzee yule kichwa ni shahada.

Nikamwambia muuzaji nataka hizi hizi, nampelekea mtu zawadi. Akanipeleka moja kwa moja kwenye vikapu. Kikapu kimoja dola 75: makopo sita, mbili mbili za kila aina tuliyoonja, glasi yenye nembo ya duka, pakiti ya preteli (vile vitafunio vikavu vya chumvi), na yale manyasi ya karatasi. Vyote vimebanwa kwa nailoni ngumu na utepe. Nikamuuliza waziwazi, "Ni zile zile tulizoonja?" Akasema, "Zile zile."

Nimepiga hesabu baadaye kwa bei zao wenyewe za rafuni. Makopo sita hayafiki dola 28. Glasi 8. Preteli 4. Maana yake utepe na manyasi nimevinunua kwa dola 35 na ushee. Lakini sikuja kulia bei, zawadi ina bei yake, najua.

Jumapili. Chakula kimeisha, mzee wa Kijerumani anafungua kikapu kwa furaha, anaona kopo la Oktoberfest, macho yanang'aa. Akaanza kutupa historia. Kwamba sherehe hiyo ya München, mji mkuu wa Bavaria, ilianza kwenye harusi ya mwana wa mfalme, Ludwig, tarehe 12 Oktoba 1810, na siku hizi inaanzia Septemba kwa sababu hali ya hewa ni nzuri zaidi. Kwamba ndani ya mahema yale wanauza viwanda sita tu vya mji wenyewe. Na kwamba bia hii jina lake la zamani ni bia ya Machi: mwaka 1553 watawala wa Bavaria walikataza kupika bia wakati wa joto, kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Georg tarehe 23 Aprili hadi ya Mtakatifu Mikaeli tarehe 29 Septemba, kwa kuwa ilikuwa inaharibika. Basi Machi wanapika nyingi na nzito kidogo, wanaihifadhi kwenye mahandaki yenye baridi, na vuli wanaimaliza ili mapipa yapate nafasi. Baba mkwe alikuwa anasikiliza kama mtoto, mimi natafsiri, mambo matamu.

Akamimina. Povu likapanda mara moja likazama. Akanusa. Akanyamaza. Akanywa funda moja, akatabasamu, akasema asante sana kijana. Kisha akaendelea kuinywa, taratibu, mpaka glasi ikaisha, hakuongea tena habari za bia.

Baba mkwe akanywa yake. Hakuvuta kwa kelele safari hii. Akaniambia kwa Kichaga, ambacho mimi Mpare nakisikia nusu, lakini neno la boksi nililisikia. Alikuwa anasema inanuka boksi lililoloa. Na ni kweli! Bia ikizeeka na hewa ikiwa imeipata ndiyo harufu inayokuja, kadibodi mbichi. Nikafungua ile ya hopsi mbichi nikidhani nitaokoa jahazi. Hakuna nyasi, hakuna kitu, tamu tamu ya ajabu kama maji ya kuoshea sufuria ya asali. Nikageuza kopo chini. Wakuu, tarehe ya kufungwa imechapwa pale kitakoni kwa herufi ndogo za kijivu: 19 Septemba, MWAKA JANA. Ile ya Oktoberfest ni Agosti mwaka jana. Yaani walituonjesha za mwaka huu, wakatufungia zilizowabakia stoo, na vitako vyote vimezamishwa kwenye manyasi usione. Mchicha wa mwaka jana ndio nimempelekea mzee wa watu.

Njiani kwenye gari kimya. Tulipokaribia nyumbani baba mkwe akasema, "Ungeonja kwanza." Hilo tu. Walioolea Uchagani mnaelewa uzito wake. Mbege, ile pombe ya ndizi ya Wachaga, haifiki kwa mkubwa kabla mwenye kuileta hajapiga funda la kwanza mbele za watu. Mimi nimebeba pombe iliyofungwa kwa nailoni, sijui ndani kuna nini, nimempa mzee anywe kabla yangu. Na aliyenifundisha hiyo desturi nikiwa nachumbia ni yeye huyo huyo.

Leo alasiri nimerudi dukani na makopo. Muuzaji ananiambia tarehe ile ni ya kufungwa, si ya kuharibika, bia haiharibiki. Nikamwita meneja. Akaja na tabasamu, akaniita "rafiki yangu". Ukiitwa rafiki yangu na meneja huku jua hela hairudi. Hoja yake sasa, naomba muisome mkiwa mmekaa: eti Oktoberfest kwa asili ni bia ya kuhifadhiwa, Wajerumani waliiweka miezi, kwa hiyo umri si kasoro, ni utamaduni.

Utamaduni! Wajerumani waliiweka miezi sita, Machi mpaka Septemba, chini ya ardhi, penye barafu. Wewe umeiweka miezi kumi na mitatu, kiangazi kizima kimepita juu yake, halafu ukaivalisha utepe. Na hiyo ya hopsi mbichi nayo ni utamaduni wa nani? Hapo akahama, akasema vileo havirudishwi, sheria ya jimbo. Nikamwomba anionyeshe hiyo sheria. Akanionyesha karatasi waliyoprinti wenyewe na kuibandika karibu na mashine ya kadi. Akanipa kuponi ya dola 5 kwa kikapu kijacho. Kikapu kijacho, jamani.

Nikiwa natoka nikatazama dirishani. Wamepanga bia za chupa za kijani na nyeupe kwenye jua la saa tisa kama maua. Mwanga ukipiga bia kupitia chupa ya kijani inatoa harufu ya kicheche, hopsi ndiyo inayofanya hivyo, ndiyo maana wenye akili hutumia chupa ya kahawia au kopo. Duka linajiita la wataalamu.

NYONGEZA (saa nne usiku): nimeona majibu yenu.

Mkuu unayesema ningekunywa Safari yangu baridi nikatulia, nitajie packie ya Worcester inayouza Safari niende sasa hivi.

Mama mchungaji, Mithali 20:1 ("Mvinyo hudhihaki") tunaijua, baba mkwe ni mzee wa kanisa na ndiye anayeisoma kwa sauti humu ndani.

Aliyeuliza kama bia zote za zamani ni mbovu: hapana. Zile nyeusi nzito zenye kilevi cha asilimia 9 na kwenda juu, nyingine zinapendeza zikikaa. Hata ile ya boga, kusema haki, ilikuwa inanyweka, viungo vimeificha. Shida ni nyepesi za asilimia 5 na 6 na zote zinazotegemea harufu ya hopsi. Geuzeni kopo kabla ya kulipa. Likiwa kwenye kikapu cha nailoni waambieni wakifungue, wakikataa ondokeni.

Na kwa wanaotaka kujua kama nitalalamika kwa kampuni ya benki iliyonipa kadi: fomu nimeshajaza, picha za vitako vya makopo nimeambatanisha, risiti ninayo. Mzee wa Kijerumani nimempigia simu kuomba radhi. Akacheka, akasema tuje Jumapili ijayo, bia ataleta yeye, na baba mkwe aje na kijiko chake.

Kopo la sita hamlioni kwenye picha kwa sababu baba mkwe amelisuuza, amelikausha, na amelifunga kwenye sanduku katikati ya mashati. Nilimwambia lina senti 5 za amana tukilirudisha. Amesema wabaki nazo tu hizo senti, anakwenda nalo Moshi kuwaonyesha wenzake.