Neno "bangi" asili yake ni wapi?

Mdadisi: Wakuu habari zenu. Juzi nimeona video ya sikukuu ya Holi kule India, mzee anatwanga majani mpaka yanakuwa uji mzito wa kijani, anachanganya na maziwa na lozi, watu wanapanga foleni na glasi zao, halafu maandishi ya chini yanasema bhang. Nikashtuka. Ndo bangi hii hii yetu au majina yamefanana tu? Na mbona wanakunywa mchana kweupe hakuna anayekimbia? Jamaa yangu anabisha eti neno tumeachiwa na Mwingereza.

Kamusi_Mbovu: Mwingereza hahusiki kabisa, na yeye kaliokota huko huko India. Kisanskriti ni bhanga, Waajemi wakasema bang, Waarabu wakaigeuza ile g kuwa j ikawa banj, na siku hizi ukienda kung'oa jino Uarabuni daktari anakuchoma banj yaani ganzi, usitoke mbio. Daktari mmoja Mreno, Garcia de Orta, alishaandika habari za "bangue" kule Goa mwaka 1563, Waingereza hata duka India hawajafungua. Huku kwetu likaja na watu wa majahazi, tukalibandika i mwishoni kama kawaida yetu. Nenda Zimbabwe utakuta Washona wanasema mbanje, ni ukoo mmoja huo.

Bi_Mkubwa: Naongezea hapo kwenye glasi maana ndo penye utamu. Wahindi wana majina matatu: bhang ni majani, ganja ni maua, charas ni utomvu. Sisi tukachukua la majani tukaliangushia mmea mzima, mpaka na moshi wake. Sheria yao ya mwaka 1985 inabana maua na utomvu, majani yakiwa peke yake hayamo, yameachiwa majimbo yaamue. Kwa hiyo anayetafsiri "wamekunywa bangi" hajakosea neno ila msomaji wa Kiswahili anapata picha ya msokoto na difenda inapiga kona. Ganja nayo ilipelekwa Jamaika na vibarua wa Kihindi kuanzia 1845, ndo maana wavuta bangi wetu wakitaka kujidai wanasema ganja wakidhani ni Kijamaika.

Kijiweni: Mi nasema matumizi. Mtaani wengi wanatamka bange sio bangi, na nusu ya muda hakuna anayeongelea mmea. Mtu akija na wazo la ajabu unamuuliza "umevuta bangi?" hata kama hajawahi kushika kiberiti. Halafu angalia ngeli, mzigo ukikamatwa ni "bangi imekamatwa", ila ukimsema mtu unaweka wingi, "bangi zake zimempanda", kama vile anazo za aina aina zinapokezana zamu.

Kamusi_Mbovu: 😂😂 hiyo ya wingi sijawahi kuifikiria, na ni kweli, hakuna anayesema "bangi yake imempanda".

Msafiri_K: Na Bangui mji mkuu wa Afrika ya Kati je? Wenyewe kwa Kisango wanaandika Bangî

Bi_Mkubwa: Hapana, hiyo ni maporomoko ya mto kwa Kibobangi, waache watu wa watu.

Mdadisi: Asanteni sana. Jamaa nimemtumia uzi mzima, kanijibu neno moja tu, "bangi hizo".