Kiti cha jimbo kiko wazi, mwanangu kafungiwa nje. Hii fomu ya sheha hadi lini?

Assalamu alaykum wana jukwaa. Humu mimi ni msomaji tu wa siku nyingi, sijapata kufungua uzi. Leo nimekaa na simu tangu isha na nitaandika mpaka kifua kipungue. Anayetaka kunitukana anitukane, lakini kwanza asome mpaka mwisho.

Mimi ni mama, mkulima wa mwani, Pemba. Jimbo silitaji na shehia, yaani mtaa wetu, siitaji, kwa sababu bado naishi hapa na mtoto bado anaihitaji hiyo fomu. Wenye kujua watajua.

Mwakilishi wetu katika Baraza la Wawakilishi, bunge la Zanzibar, kamaliza. Kakaa vipindi vitatu, miaka 15, na safari hii katangaza mwenyewe kuwa hagombei tena. Mara ya mwisho kiti hichi kuwa hakina mwenyewe, mwanangu alikuwa na miaka minne. Sasa ana 19. Kwa hiyo mnaweza kufahamu kijiji kilivyo. Ukienda kisimani ni uchaguzi, ukipanda gari ya mjini Chake Chake ni uchaguzi, kwenye arusi wanawake wanapika huku wanahesabu nani katia nia na nani kakatwa kwenye kura za maoni za chama. Na mwanangu, ambaye siku zote haya mambo hayataki, safari hii kaniambia: "Mama, na mimi nataka kupiga kura." Nilifurahi. Nikamwambia twende kwa sheha, mkuu wa shehia yetu, tukachukue fomu ya kitambulisho.

Huo ndio mwanzo wa balaa langu. Tumekwenda mara nne.

Mara ya kwanza sheha hayupo, kenda kwenye kikao. Hilo silihesabu, kila mtu ana shughuli zake. Mara ya pili fomu zimekwisha, zitaletwa Jumatatu. Mara ya tatu fomu zipo, naziona mezani kwa macho yangu, lakini anamtazama mtoto kutoka juu mpaka chini, ananiambia: "Huyu hakai hapa." Nikamwambia Sheha, huyu nimemzaa kwenye nyumba ile pale, unaiona bati lake kutoka hapa ulipokaa. Akasema alikuwa Unguja. Ni kweli alikuwa Unguja! Alikwenda kusoma, kidato cha tatu na cha nne, akikaa kwa mdogo wangu. Kamaliza mitihani, karudi kwao, kwa mamake, kama watoto wote wanavyorudi. Mara ya nne nikaenda na cheti chake cha kuzaliwa, nikaenda na mzee wa mskiti na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, wote wawili mashahidi. Akawasikiliza, kisha akasema sharti ni kukaa jimboni miezi 36 mfululizo, na mtoto hajatimiza.

Basi nikampigia mdogo wangu Unguja. Nikamwambia kama huku kakataliwa kwa kuwa alikuwa kwako, basi mpeleke kwa sheha wako huko. Nikamtia mtoto kwenye boti, nauli nimekopa. Sheha wa kule hata hakumkalisha kitini. Kamuuliza umezaliwa wapi, kajibu Pemba. Wazazi wako wako wapi, Pemba. Akamwambia rudi kwenu ukachukue huko.

Naomba mtu mzima mwenye akili zake anieleze. Mwanangu ni mkaazi wa wapi? Pemba si mkaazi kwa sababu alisoma Unguja. Unguja si mkaazi kwa sababu ni wa Pemba. Hajavuka hata kwenda Tanga mtoto huyu. Kazaliwa Zanzibar, kasoma Zanzibar, babu zake wamezikwa Zanzibar, na hakuna shehia hata moja katika visiwa hivi inayokubali kuwa anaishi.

Wasio wa huku pengine hawafahamu uzito wa jambo hili, nitaeleza kidogo. Kwetu kuingia katika daftari la Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar unatakiwa uwe na Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Na njia ya kitambulisho inapita mlangoni kwa sheha, yeye ndiye anayesema huyu namjua au simjui. Sheha hatumchagui sisi. Anateuliwa na Mkuu wa Mkoa kwa ushauri wa Mkuu wa Wilaya. Kwa hiyo kabla hujafika kwenye sanduku la kura, kuna mtu mmoja ambaye hukumpigia kura na huwezi kumtoa kwa kura, na kalamu iko mkononi mwake. Bila ya yeye hakuna fomu, bila ya fomu hakuna kitambulisho, bila ya kitambulisho hakuna daftari. Hapo mgombea awe malaika, wewe huna cha kumsaidia.

Na nisiwadhulumu masheha wote. Sheha wetu wa zamani, Mungu amrehemu, alikuwa wa chama kile kile cha huyu wa sasa, kila mtu anajua, lakini mtoto wa watu akitimiza umri alikuwa anaita mwenyewe nyumbani: leteni huyo kijana. Alikuwa anajua nani kazaliwa mwaka gani kwa kukumbuka mavuno ya karafuu. Kwa hiyo msiniambie haiwezekani. Inawezekana, nimeiona.

Kinachonichoma zaidi ni hichi. Kuna kijana alikuja na mafundi wa barabara. Kibarua, mtoto mzuri, hana ubaya na mtu, ananunua chapati kwangu kila asubuhi. Kafika hapa baada ya mfungo wa mwaka jana. Kitambulisho anacho, kanionesha mwenyewe, na kituo chake cha kupigia kura ni skuli yetu. Simchukii yule kijana, riziki imemleta. Nauliza miezi 36 yake imehesabiwa kwa kalenda ipi? Ya mwanangu inahesabiwa kwa vidole, siku kwa siku, na ya mwengine haiulizwi kabisa.

Nilikwenda na ofisini wilayani. Nimekaa kwenye benchi kuanzia saa mbili mpaka adhana ya adhuhuri. Jibu nililopewa: haya mambo yanaanzia kwa sheha, rudi kwa sheha.

Wanaume humu mtasema mwanamke huyu ana wakati wa kupoteza. Sina. Mwani hauvunwi siku unayotaka wewe. Tunafuata bamvua, maji yanapotoka mbali ndipo tunapoingia kufunga na kuvuna, siku chache tu, halafu yanakuja maji mafu unakaa. Bamvua mbili zimenipita nikiwa kwa sheha na wilayani. Mwani wangu umekatika kambani, uliobaki umeshikwa na uchafu, jirani kaniokolea kamba nne kwa huruma yake. Hiyo ndiyo gharama ya fomu ambayo haiuzwi.

Na khasa kwa sababu ya huo mwani ndio maana kiti hichi nakitaka. Maji yamekuwa ya moto, mwani aina ya kotonii unakufa, tunabaki na aina ya spinosamu ambayo bei yake ni ya kuvunja moyo. Nani atakwenda kulisema hilo Chukwani kwenye Baraza la Wawakilishi? Wagombea wamepita. Mmoja alikuja na gari tatu, wanawake tukamuuliza habari ya mwani, akasema suala hilo analichukua. Kalichukua kalipeleka wapi sijui. Mwengine ni wa hapa hapa, ana adabu, lakini akiulizwa jambo anamtazama kwanza aliyekuja naye. Sitaki kuwasema sana leo. Nataka mwanangu awe na haki ya kuwachagua au kuwakataa yeye mwenyewe.

Kuna jambo jengine lililonitia uchungu. Mtu mmoja mwenye kufahamu kaniambia, mama usihangaike, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, ile ya Muungano, ina daftari lake huku kwa wale wasiotimiza masharti ya Tume ya Zanzibar, mpeleke huko aandikishwe. Nikauliza, akiandikishwa huko anachagua nani? Akasema Rais wa Muungano na Mbunge. Na Rais wa Zanzibar? Hapana. Mwakilishi? Hapana. Diwani? Hapana. Yaani siku ile mimi nitapewa karatasi tano, mwanangu mbili. Atamchagua mtu wa kwenda Dodoma kupiga kura juu ya mambo ya Mbeya na Mtwara, lakini mtu wa kumsemea bandari ndogo ambayo yeye mwenyewe anabeba magunia ya mwani hapo, huyo hana ruhusa. Nimelia, wallahi.

Najua mtakuja kuniambia kura moja haiondoi kitu. Kwanza si moja. Baada ya safari ya tatu nilichukua daftari la skuli nikapita nyumba kwa nyumba upande wetu tu wa kijiji, nikaandika kila kijana aliyetimiza umri na hana kitambulisho. 23. Sababu zao zinafanana kama mapacha: ulikuwa Unguja, ulikuwa dago (kambi ya uvuvi), cheti chako kimechelewa, njoo Jumatatu. Pili, majimbo yetu ni madogo. Pemba nzima tuna majimbo 18 katika 50 ya Zanzibar, na kabla ya 2005 yalikuwa 21. Katika jimbo la maelfu machache ya wapiga kura, kiti kikiwa hakina mwenyewe na wagombea wanalingana, vijana 23 wa upande mmoja wa kijiji kimoja si kidogo. Wapigieni hesabu na wa vijiji vyengine.

Na kura ya huku ina historia, si karatasi tu. Januari 2001 nilikuwa msichana mdogo kuliko huyu mwanangu. Waliouawa tarehe 27 kwenye maandamano ya kupinga uchaguzi wa 2000, tunawajua makaburi yao. Kaka yangu alipanda dau usiku kwenda Shimoni, Kenya, pamoja na mamia ya wengine, na mamangu alikaa wiki hajui kama yu hai. Halafu nikaiona 2010. Tarehe 31 Julai tulikwenda kwenye kura ya maoni ya serikali ya umoja wa kitaifa, asilimia 66 walisema ndiyo, na uchaguzi wa mwaka ule ulipita watu wanapeana mikono. Mume wangu na jirani yetu ambao walikuwa hawazikani walikunywa kahawa baraza moja. Halafu 2015 nimepanga foleni tangu alfajiri na mimba ya miezi saba, na tarehe 28 Oktoba tukasikia uchaguzi umefutwa. Na mwaka 2021 majirani zetu wa jimbo la Konde walipiga kura Julai, aliyetangazwa mshindi akajiuzulu baada ya wiki chache, wakarudi tena vituoni Oktoba kwa kiti kile kile. Walirudi! Watu wa Pemba hawachoki kupanga foleni. Sasa anayewazuia watoto wetu wasifike hata kwenye foleni afahamu anazuia nini. Mtoto aliyekatazwa karatasi akiwa na miaka 19 atakuja kuamini vipi kuwa mambo yanaamuliwa kwa karatasi? Mimi nimewakataza wanangu maisha yao yote kufuata watu wa mawe na mapanga, nikawaambia subirini, mtapiga kura. Nimwambie nini sasa?

NYONGEZA, asubuhi. Nimesoma majibu yenu. Aliyesema mimi nimetumwa na chama, sina kadi ya chama chochote tangu 2016, na kwenye wale 23 wapo watoto wa vyama vyote, akiwemo mjukuu wa balozi wa nyumba kumi wa chama hicho unachokitetea. Aliyesema ningetoa "kitu kidogo" yangekwisha siku ya kwanza, ahsante, lakini sitoi. Haki ya mwanangu siinunui. Nikitoa mimi, yule mjane wa bondeni mwenye vijana wawili atatoa nini?

Aliyenishauri nidai jibu kwa maandishi, Mungu akulipe. Hilo sikulifikiria. Mara zote nne nimeambiwa kwa mdomo tu, na mdomo hauna mhuri.

Kwa hiyo leo bamvua imeanza na siendi pwani. Tumekubaliana tukutane skuli saa mbili, mama wa wote 23 na vijana wenyewe, kila mtu na cheti cha mwanawe mkononi. Hatupigi kelele, hatubebi bango. Tutakaa pale barazani kwa sheha, na kila mmoja atamwomba ama ampe fomu, ama amwandikie kwa mkono wake kwa nini hampi, aweke tarehe na sahihi.

Mwenye kujua sheria ya vitambulisho humu, naomba anijibu mambo mawili kabla ya saa mbili: sheha akikataa kuandika, barua tuipeleke kwa nani, na tuna siku ngapi kabla daftari halijafungwa? Simu nitakuwa nayo, chaji iko nusu.