Mkataba wa mwezi kwa mpigapicha wa matukio: malipo ya jumla, siku za kununua, au ada ya kutengewa nafasi?

Kivulini_DSM (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za kazi. Ninapiga picha za matukio hapa Dar es Salaam, na kwa kawaida natoza shilingi 500,000 kwa siku nzima ya mkutano au semina, na 300,000 kwa nusu siku. Nimepata wateja wawili ambao wamechoka kuomba bei kila wanapokuwa na shughuli na wanataka tuingie mkataba wa mwezi. Wa kwanza ni hoteli yenye kumbi za mikutano, ambayo inapendekeza shilingi 1,500,000 kwa mwezi kwa matukio yote yatakayojitokeza. Meneja masoko anakadiria kuwa yatakuwa manne. Wa pili ni shirika lisilo la kiserikali ambalo semina zake hufanyika Dar, Morogoro na Dodoma, na ratiba yao haitabiriki: mwezi mmoja hawana kitu, mwezi unaofuata wana wiki nzima.

Naona njia tatu. Ya kwanza ni malipo ya jumla kwa kazi isiyo na ukomo, kama hoteli inavyotaka. Ya pili ni mteja kununua siku kadhaa kwa mwezi na kulipia zinazozidi. Ya tatu ni ada ndogo ya kutengewa nafasi, kisha kila siku ya kazi inalipiwa kwa bei iliyopunguzwa. Naomba maoni ya waliowahi kufanya kazi kwa mikataba ya namna hii.

Flashi_ya_Nje

Mkuu, njia ya kwanza usiikubali kabla ya kuipigia hesabu. Chukulia kwamba msaidizi, usafiri na bando la kutuma picha vinakula shilingi 130,000 kwa kila tukio. Yakiwa matukio manne, kila moja linakupa 375,000, na ukiondoa gharama unabaki na 245,000. Yakiwa saba, jambo ambalo Novemba na Desemba ni la kawaida kabisa kwa sababu ya sherehe za kufunga mwaka, kila moja linakupa takriban 214,000, na mfukoni kinabaki kama 84,000 kwa siku ambayo ungeweza kuiuza kwa mteja mwingine kwa bei kamili. Kumbuka pia kwamba matukio ya hoteli hayataongezeka kwa bahati mbaya. Itakapojua kuwa picha ni za bure, itaanza kukuita hata kwenye chai ya kumuaga mfanyakazi.

Hapo hatujagusa kodi ya zuio. Kwa huduma za mkazi wa Tanzania mteja anakata asilimia 5, kwa hiyo katika 1,500,000 utapokea 1,425,000. Fedha hiyo haijapotea, maana unaihesabia kwenye kodi yako ya mwaka, lakini ni lazima udai cheti cha zuio kila mwezi badala ya kusubiri mwisho wa mwaka, wakati mhasibu wa hoteli ameshabadilishwa.

Mzee_wa_Albamu

Mimi natofautiana kidogo na Flashi. Malipo ya jumla yanafaa pale ambapo kalenda ya mteja haibadiliki, kwa mfano kanisa lenye ibada maalumu moja kwa mwezi au klabu yenye mechi za nyumbani zinazojulikana tangu msimu uanze. Hoteli si mteja wa namna hiyo.

Dada_Lenzi

Kivulini, kwa hoteli ningekwenda na njia ya pili, na ningeipanga ndani ya bajeti yao ileile ili meneja asihisi kwamba umepandisha bei. Shughuli nyingi za hoteli ni chakula cha jioni au uzinduzi unaochukua muda wa saa tatu au nne, si siku nzima. Wauzie siku nzima mbili na nusu siku mbili. Kwa bei yako ya kawaida hizo ni 1,600,000. Ukiwapa punguzo la asilimia 10 zinakuwa 1,440,000, na 60,000 inayobaki iwe ya picha kumi za haraka zinazotumwa usiku uleule kwa ajili ya mitandao yao. Wanapata matukio manne waliyoyataka, nawe umeweka ukomo.

Punguzo langu huwa halizidi asilimia 10, au 15 ikiwa wanalipa miezi mitatu kwa mkupuo kabla kazi haijaanza. Siku hizi naona vijana wanatoa asilimia 30 kwa ahadi ya maneno tu, na sielewi wananunua nini kwa fedha hiyo. Mteja anayelipa siku 45 baada ya ankara hastahili punguzo lolote, hata akiwa na matukio kumi kwa mwezi.

Siku zisizotumika ndizo zinazoleta ugomvi. Ukiziacha zirundikane, mteja atakuja Desemba na siku tisa alizojilimbikizia tangu Julai, na wewe utalazimika kuwakatalia wateja wa msimu. Ukizifuta mwisho wa mwezi, ataona umekula fedha yake bure. Kwangu siku inavuka hadi mwezi mmoja mbele, basi, tena haiwezi kutumika Desemba. Tukio likiahirishwa zikiwa zimebaki chini ya saa 48, siku hiyo inahesabiwa kuwa imetumika.

Pwani_Mombasa

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu asilimia 5 inakatwa pia, malipo yanapofika shilingi 24,000 za Kenya au zaidi kwa mwezi. Nitaongeza jambo moja ambalo wengi hulisahau wanapopanga bei, nalo ni hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inachukulia kwamba kazi iliyoagizwa na mteja inahamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Kwa hiyo mkataba wa mwezi ukikaa kimya, mwisho wa mwaka hoteli inamiliki maktaba nzima ya picha na inaweza kuiweka kwenye mabango ya barabarani bila kukuongeza senti. Mimi naandika kwamba bei ya mwezi inahusu tovuti, mitandao ya kijamii na taarifa za ndani. Tangazo la kulipiwa lina bei yake.

Kivulini_DSM

Nashukuru sana, Dada Lenzi, mgawanyo huo wa hoteli sikuufikiria. Je, shirika lenye semina za Dodoma nilipangeje?

Flashi_ya_Nje

Hilo ni la njia ya tatu. Waombe 300,000 kwa mwezi ili tarehe zao zitangulie za wengine, mradi wakujulishe kabla ya tarehe 20 ya mwezi uliotangulia, kisha kila siku ya kazi iwe 400,000. Wakiwa na siku tatu, jumla ni 1,500,000, sawa kabisa na bei yako ya kawaida. Punguzo linaanza siku ya nne. Wakiwa na siku tano wanalipa 2,300,000 badala ya 2,500,000. Mwezi mtupu unabaki na 300,000, na tarehe wasizozitaja una uhuru wa kuziuza.

Kwa Dodoma, treni ya SGR imerahisisha safari, lakini siku ya kusafiri bado ni siku uliyoikosa. Itoze nusu siku, na nauli na malazi viwe juu yao.

Dada_Lenzi

Na uhifadhi uwe na bei. Kamera kama Canon 5D Mark IV inatoa faili ghafi (picha kabla ya kuhaririwa) la takriban MB 37. Picha 2,000 za siku moja ni GB 74, na siku nne ni karibu GB 300, kabla ya nakala ya pili. Andika kwamba unatunza picha miezi 12, baada ya hapo mteja analipia au anachukua faili zake.

Kivulini_DSM

Nimewapelekea hoteli mgawanyo wa siku mbili nzima na nusu siku mbili. Meneja amekubali bei, ila anataka Desemba iwe na siku sita kwa kiwango hicho hicho cha punguzo.

Mzee_wa_Albamu

Mpe hizo nne za mkataba kwa punguzo, na mbili za ziada kwa bei kamili, zilipwe kabla ya tarehe 30 Novemba.