Mjadala: Je, muziki ndio ulioiangusha Awadh?

Msomaji wa Kale: Wakuu, Februari 1856 Waingereza walimvua Wajid Ali Shah ufalme wa Awadh, kaskazini mwa India, kule mji mkuu wake Lucknow. Hoja yao: hatawali, anashinda na nyimbo za thumri na ngoma ya kathaki. Je, hoja hiyo inasimama?

Chuma cha Pua: Inasimama. Mfalme anatunga nyimbo huku wakulima wanakamuliwa na watoza kodi! Wacheza ngoma hawajawahi kupigania nchi yoyote.

Binti Saada: Futa hiyo kauli. Begum Hazrat Mahal aliingia jumba la mfalme huyohuyo kama mcheza ngoma, akawa mkewe. Mwaka 1857, mfalme akiwa kizuizini Calcutta, yeye alimtawaza mwanawe Birjis Qadr na kuongoza uasi dhidi ya Waingereza Lucknow. Akaahidiwa pensheni, akaikataa, akafia Nepal 1879. Wewe umepigania nini?

Mwalimu M: Turudi kwenye swali. Mwaka 1801 Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ilishachukua karibu nusu ya Awadh kwa mkataba. Wajid Ali Shah alirithi nchi iliyokwisha kuliwa.

Chuma cha Pua: Binti, mwanamke mmoja si ushahidi. Hao tawaifu, waimbaji na wacheza ngoma wa kike mnaowasifu, walikuwa makahaba wa kasri tu.

Binti Saada: Koma! Walikuwa waimbaji, wanajua ushairi, wana nyumba na bustani zao. Katika daftari za kodi za Lucknow baada ya uasi, majina yao yako daraja la juu. Orodha za mali zilizotaifishwa pia zinawataja. Kwa nini adui awanyang'anye watu wasio na maana?

Kijana wa Bara: Mnapigana bure. Kilichowatikisa Waingereza ni Gandhi kuivunja sheria yao ya chumvi, nadhani 1931. Nyimbo hazikuhusika.

Mwalimu M: Ni 1930. Machi 12 Gandhi na wafuasi wake walitoka kwa miguu makazi yake ya Sabarmati, Aprili 6 akaokota chumvi pwani ya Dandi. Na njiani waliimba! Wimbo wa ibada Raghupati Raghav, kwa tuni inayonasibishwa na Vishnu Digambar Paluskar, yule aliyefungua shule ya muziki Lahore 1901 ili hata mtoto wa mtu wa kawaida ajifunze.

Chuma cha Pua: Umenisaidia. Paluskar aliuacha muziki wa kasri, ndiyo maana akafanya la maana.

Binti Saada: Na huo muziki aliupata wapi? Mji wa Miraj, kwa mwalimu aliyelishwa na mfalme wa pale. Jibu hilo kwanza, na usiniletee tena habari za makahaba.